Golikipa Aliyebandikwa Ukutani

Siku hizi vijana wa mtaa wa Makomeno huniletea kadi za wanasoka zilizofungwa kwenye plastiki, wakitaka kujua kama zina bei. Wanakuja kwangu kwa sababu nilisoma Ulaya na kurudi na diploma ya uhandisi ambayo hakuna mtu wa ukoo wetu aliyewahi kuishika kabla yangu, na kwa sababu wanajua hakuna aliyenishika mkono kuifikia. Ninawajibu papo hapo. Kadi hupanda thamani kwa uchache wake, kwa usafi wa kona zake na mgongo wake, na kwa hamu ya anayeitafuta. Kule Ubelgiji niliwasikia wataalamu wakieleza hayo hayo katika ukumbi wenye mazulia, nami nimeketi nyuma ninatabasamu. Niliyajua tangu mji wetu huu ulipoitwa Élisabethville, miaka michache kabla ya uhuru, nikiwa kijana ninayejifunza ufundi katika karakana ya mgodi.

Picha zetu zilitoka ndani ya paketi za sigara. Kila paketi ilikuwa na mchezaji mmoja, na mgongoni mwake mhuri mwekundu wa kiwanda. Ukikusanya timu nzima na kuipeleka kwa Mgiriki mwenye duka mjini, ulipewa mpira wa ngozi. Mimi sikuvuta sigara. Niliwatengenezea wavutaji baiskeli na kufuli zao, wakanilipa mabeki na mawinga. Picha yenye kona iliyovunjika niliikataa, yenye doa la mafuta niliikataa, na wenzangu wa timu wakanicheka.

“Weye unachagua picha sawa bantu banachaguaka muke!” walisema.

“Na nyinyi mutaoa wenye madoa,” niliwajibu.

Sikuwa na mzaha. Timu ya kambi yetu ilitumia mpira wa matambara, na padri aliyesimamia mashindano ya Jumapili alikuwa ametangaza kwamba timu isiyo na mpira wake wa ngozi haitaandikishwa. Siku ya mwisho ilikuwa Jumamosi ya juma lile. Dirishani kwa Mgiriki ulibaki mpira mmoja tu. Mimi nilikosa golikipa peke yake, na vijana wa kambi ya reli, tuliosikia habari zao kila siku, nao walikosa golikipa peke yake. Kiwanda kilimchapa mara chache kwa makusudi. Wangemchapa sawa na wengine, mipira ingekwisha kabla sigara hazijakwisha. Niliielewa hesabu hiyo bila mwalimu.

Nilimkuta golikipa mahali ambapo hakuna mvutaji angemtafuta. Mama mmoja, mke wa mchimba madini, watu wa kaskazini ya Katanga, aliniita nimrekebishie bawaba za mlango. Juu ya kitanda cha mtoto wake, kando ya Bikira Maria, alikuwa amembandika yule golikipa kwa gundi ya unga wa muhogo. Alikuwa ameinua mikono yote miwili, na mpira wa manjano umekaa sawasawa nyuma ya kichwa chake. Chini yake kulikuwa na kipande cha mshumaa.

“Mama, huyu ni nani?” nilimuuliza.

“Haumujui, weye wa masomo? Iko mutakatifu. Angalia ile taji ya mwangaza.”

“Mama, ile iko mpira.”

“Mpira? Mbinguni banachezaka mpira?”

Nilimweleza yote: sigara, Mgiriki, padri. Nilimwambia kwamba kazi ya mtu yule ni kuzuia mpira usiingie golini. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akanionyesha mtoto aliyelala.

“Huyu alishikwa na homa. Nilimuomba ule wa ukutani, homa ikatoka. Weye unasema anazuia mpira. Kwangu alizuia homa. Iko kazi moja.”

Nilikwenda nyumbani nikaleta picha ya mtakatifu wa kweli, yenye kingo za dhahabu, niliyopewa na mapadri kwa kushinda katekisimu. Niliipenda mno picha ile. Aliitazama kwa heshima, akanirudishia.

“Iko muzuri. Lakini mi simujui, na yeye hanijui.”

Hapo nilimkumbusha chokaa. Kila mwaka kapita, msimamizi wa usafi, alipita na watu wake kupaka chokaa nyumba zote za kambi, na brashi zao hazikuchagua. Mwaka uliopita walikuwa wamefunika kalenda yake nzima ya kanisa. Zamu ya mtaa wetu ilikuwa Jumamosi ile ile.

Aliutazama ukuta. Kisha akasema, “Unataka kunitwalia mwenye kuzuia. Basi uniletee mwingine mwenye kuzuia.”

Niliangalia chumba chote, nikaona dirisha. Lilikuwa wazi, na mbu waliingia kama wenye nyumba.

“Nitakutengenezea wavu wa dirisha, mama. Mbu hata mmoja hataingia.”

“Leta kwanza. Mudomo hauzuie mbu.”

Mkuu wa karakana aliniruhusu kuchukua mabaki ya wavu wa chuma, na fremu niliitoa kwenye mbao za sanduku. Fremu ya kwanza ilipinda. Mwingine angeipigilia hivyo hivyo. Mimi niliivunja nikaanza upya, nikapima tena kila pembe, na Jumamosi asubuhi wavu uliingia dirishani ukakaa bila kutikisika. Mama alipitisha kidole pande zote nne, akitafuta nafasi. Hakuipata.

“Haya, mutoe,” alisema. “Lakini ukimupasua, utanijua.”

Watu wa chokaa walikuwa tayari nyumba ya jirani, tulisikia ndoo zao na kapita akipiga kelele, “Toeni vitu inje!” Sikushika kisu. Picha inayobanduliwa kwa kisu huacha mhuri wake ukutani, na bila mhuri ni karatasi tu. Nilichemsha maji, nikaweka kitambaa chenye mvuke juu ya golikipa, nikangoja gundi ya muhogo ilegee. Kisha niliomba uzi wa kushonea, nikaushika kwa mikono miwili, nikaupitisha polepole kati ya karatasi na ukuta. Golikipa alianguka kiganjani mwangu mzima, mhuri wake mwekundu ukiwa safi. Kapita aliingia nyuma yangu na brashi.

Mjini Mgiriki aliwapitia wale kumi haraka. Golikipa alimwinua kwenye mwanga, akamkwaruza mhuri kwa ukucha, akamnusa.

“Huyu iko na harufu ya kanisa,” alisema.

“Mhuri uko au hauko, bwana?” nilimuuliza.

“Uko.”

“Basi nipe mpira.”

Alichukua chombo cha kutobolea mikanda, akawatoboa wote kumi na mmoja, mmoja baada ya mwingine, ili picha zisirudi tena dukani. Kisha akafungua dirisha la kioo. Nilipokwisha kuushika mpira, nilimwomba golikipa.

“Wa nini? Ametobolewa. Haina bei tena.”

“Nipe tu, bwana.”

Nyumba ya mama ilikuwa njiani kwenda parokiani. Kuta zilikuwa nyeupe, bado zina unyevu. Alipoiona picha alifunika mdomo kwa mkono. Tundu lilikuwa limepita kifuani.

“Bamemutoboa!”

“Ndiyo, mama.”

“Na hakushusha mikono?”

“Hakushusha.”

Aliisogeza karibu na mlango aione vizuri. “Basi sasa iko mutakatifu kamili,” alisema. “Zamani nilikuwa na mashaka kidogo, sababu ya ile mpira yako.”

Nilijaribu, ili nijue tu, nikamwambia nitamtengenezea wavu wa pili, wa jikoni, kama ataniachia picha. Alicheka kwa sauti.

“Hata uniletee nyumba nzima ya mabati! Nenda, padri atafunga daftari yake.”

Alikuwa amekwisha kuchukua bakuli na kuanza kukoroga unga wa muhogo. Nilitoka na mpira kwapani, nikakimbia, na wachezaji wetu waliokuwa wakingoja mlangoni kwa padri waliuona kutoka mbali wakaanza kupiga mayowe. Vijana wa reli walifika baadaye, mikono mitupu.