Rangi Nyuma ya Mkanda

Mara ya kwanza nilipompelekea kazi nilimwambia bei yake ni ya wizi. Hakuacha kufuta kioo. "Mama, mwizi hakuiti uje uone anavyoiba," akasema. Nikacheka, na nikicheka nimeshaliwa. Mimi nanunua magari ya zamani, nayasafisha, nayauza, na kabla ya siku ile sikumbuki kumlipa fundi yeyote bei yake ya kwanza.

Wanamwita Taratibu. Kazi yake ni kubandua: mikanda ya plastiki ya milangoni, vizuia mvua vya madirishani, nembo za magari ya kifahari kwenye magari yasiyo na ufahari wowote. Watu hubandika vitu hivi kwa furaha. Miaka ikipita vinapauka, ncha zinanyanyuka, na mnunuzi akiviona tu anaanza kutoa kasoro. Mimi nataka vitoke kabla mnunuzi hajafika.

Chombo chake kikubwa ni mashine ya kukaushia nywele, aliyoiazima saluni kwa mkewe na hana mpango wa kuirudisha. Anapuliza joto hadi gundi ilainike, anapitisha uzi wa nailoni nyuma ya mkanda, anauvuta huku na huku kama mtu anayekata mche wa sabuni. Gundi inayobaki anaisugua kwa kidole gumba na kitambaa chenye mafuta ya taa. Lakini kwanza hubandua kipande kidogo kwenye kona ya chini ya mlango wa nyuma, kisha anamwita mwenye gari achuchumae aangalie. Rangi ikikubali kubaki mahali pake, kazi inaendelea. Isipokubali, anabandika tena na kukurudishia ufunguo wako. Aliwahi kunikatalia hivyo nami nina mnunuzi njiani. Nilimtukana hadi nikachoka, yeye akaniletea kiti.

Ni yeye aliyenidokeza kuhusu gari la baba mkwe wake. Mzee alikuwa dereva wa malori hadi alipostaafu, na kagari kake ka bluu alikuwa anakaosha kwa mkono wake mwenyewe. Macho yalianza kumsumbua, akaamua kuuza. Nilikubali kununua, ila ile mikanda myeusi ya milangoni itoke kwanza.

Siku ya kazi nilikuwepo uani kwa mzee. Nikamwona Taratibu anapuliza joto mlango mzima mara moja.

"Leo hujaribu kona?"

"Nimchuchumaze baba mkwe, mama? Na magoti yale?" Akashusha sauti. "Acha nimalize, nimshangaze."

Akavuta. Mkanda ukaja, na rangi ikaja nao, kipande kirefu kama mkono. Chini yake puti nyeupe, ile ya kuzibia palipobonyea, ikawa inatutazama.

Mzee akatoka ndani. Alisimama pale mpaka nikaona haya kwa niaba ya mlango.

"Nini hiki, mwanangu?"

"Baba, mlango huu ulishapigwa rangi mara ya pili."

Ilikuwa kweli. Shida ni kwamba aliishia hapo.

Mzee akamgeukia mwanawe wa kumzaa, jitu zima lenye ndevu, lililokuwa limeegemea mlango wa jikoni. Ndiye peke yake aliyewahi kuliazima gari lile.

"Uliligonga wapi?"

"Sijaligonga, baba."

"Ukalipeleka likapakwa rangi, ukanirudishia ufunguo na asante juu. Nimekuwa nikiosha uongo wako miaka yote hii."

Mwana alijitetea kidogo, kisha akakasirika, kisha akafungasha nguo zake akaenda kukaa kwa rafiki. Mimi nilishusha bei pale pale. Mzee hakubishana. Alikuwa hataki tena kuliona gari.

Siku chache baadaye nikampelekea Taratibu kazi nyingine. Alipuliza kizuia mvua mpaka kikajikunja kama karatasi motoni.

"Una nini wewe?"

Akavuta mkanda wa mzee kutoka chini ya meza. "Angalia mgongo wake."

Rangi ya bluu ilikuwa imeng'ang'ania gundi.

"Mkanda huu mzee aliubandika mwenyewe, husimulia kila mara, siku chache tu baada ya kulinunua gari. Gundi ni ile ile ya kwanza. Shemeji yangu wakati huo hata baiskeli alikuwa hajui. Sasa niambie, utapakaje rangi chini ya kitu ambacho kimeshabandikwa?"

"Basi lilikuja limeshapakwa."

"Lilikuja hivyo. Na ningejaribu kona ningejua, ningeuacha mlango na rangi yake. Niliona siku ile ile, mama, mkanda bado uko mkononi mwangu."

"Mbona hukusema?"

"Ningemtoa shemeji lawamani, mzee angeuliza nani sasa kaharibu mlango." Akazima mashine. "Juzi nimekula kwake. Ameniongezea nyama kwa mkono wake, nimekaa kwenye kiti cha yule bwana."

Sikumshauri aseme, wala sikumkataza. Nilikuwa nanunua gari, na gari lenye aibu huuzwa bila maneno mengi.

Nilipokwenda kulichukua, ufunguo ulikuwa tayari mezani, kati yangu na mzee. Taratibu akaingia na mkanda umefungwa kwenye gazeti, akakaa ukingoni mwa kiti. Nikajua siku yangu imeharibika.

"Baba, huu uliubandika lini?"

"Nilipolinunua gari. Wewe nilikuwa hata sijakujua."

"Basi rangi hii ilikuwepo kabla ya mkanda. Shemeji hakugonga kitu. Aliyekuuzia ndiye aliyeficha, na aliyeibandua ni mimi, kwa pupa yangu. Sikujaribu kwanza kama ninavyofanya kwa watu wengine wote."

Mzee aliusogeza mkanda karibu na macho, akaupapasa kwa kidole.

"Ulijua lini?"

"Siku ile ile."

"Ukamwacha mwanangu aondoke na mfuko wake wa nguo. Halafu ukaja ukala."

"Ndiyo, baba."

Mzee akauchukua ufunguo mezani, akautia mfukoni. "Mama, utanisamehe. Hili sasa si la kuuza."

Nilijaribu kuongeza bei mara mbili. Mkono wake haukutoka mfukoni, nikaaga.

Mwana alirudi nyumbani, na ufunguo ukawa wake. Ndiye anayemwendesha babake kwenda kutibiwa macho, na mlango wameupeleka kwa fundi wa mtaa mwingine. Taratibu analala usingizi, kwa maneno ya mkewe, lakini mzee hamwiti tena "mwanangu". Siku hizi humwita "fundi", kwa heshima zote, kama mteja anayepita. Mimi nilikosa gari zuri. Nikanunua jingine, bovu kuliko lile, nikampelekea yeye, na bei yake ya kwanza nikailipa.