Sufuria Yangu Ndogo

Nilipoambiwa kliniki kwamba nina vidonda vya tumbo, nilicheka. Mimi, muuza githeri ya mahindi na maharagwe hapa Kawangware 46, Nairobi, ninayeshinda mbele ya sufuria, naambiwa shida yangu ni kukaa na njaa! Lakini ilikuwa kweli. Asubuhi nilikunywa chai ya rangi tupu, mchana nikawapakulia watu, tumbo langu nikalikumbuka saa kumi. Likiwaka, nilimeza tembe za maumivu za dukani, na daktari alinikaripia kwa hizo tembe kuliko kitu kingine chochote. Alinipa dawa, akaniambia nile kidogo kidogo kwa wakati, na niache kila ninachoona kinaniumiza.

Nilikuwa nakiona vizuri sana. Ni magadi. Ukitia kijiko kimoja, maharagwe ya kuchemka asubuhi nzima yanalainika upesi na makaa yanabaki. Lakini nikila githeri hiyo, kiungulia kilinipanda hadi kooni.

Basi nikanunua sufuria ndogo. Jioni niliroweka maharagwe yangu, asubuhi nikamwaga maji na kuyapika polepole na mahindi yaliyokobolewa, kama mama alivyopika muthokoi kwetu Kitui, bila magadi. Sufuria kubwa ya wateja iliendelea na kijiko chake. Nilikula nimewapa mgongo, maana nilijua: nani atanunua githeri ambayo mpishi wake haili? Tumbo lilitulia. Hata nikanenepa, majirani wakasema ndoa imenikubali, na mume sina.

Kulikuwa na fundi mmoja wa mjengo, mtu wa upande wa ziwa, aliyekula kwangu kila mchana na hakukosa la kutuchekesha. Siku moja aliisukuma sahani kando, mkono tumboni.

"Mathe, tumbo yangu inawaka siku hizi. Nikikula tu, asidi inapanda."

"Pole. Ni hiyo pilipili. Punguza."

"Pilipili niliacha kitambo." Akachungulia nyuma yangu, kwenye jiko la pili. "Si leo unipee ile yako? Ile ya sufuria ndogo. Nimeona wewe hukulangi hii yetu."

Hakusema kwa ubaya, alikuwa anatabasamu. Lakini niliona aibu ambayo sijawahi kuiona mbele ya mteja. Nilimpakulia chakula changu chote. Alikula taratibu mpaka sahani ikabaki nyeupe.

"Hii ni poa, mathe. Unauzanga ngapi?"

"Bei ni ile ile," nikasema, nikijifanya nachochea jiko.

Jioni hiyo nilimimina maharagwe ya kesho ya sufuria kubwa kwenye beseni, nikayaroweka, yakalala majini.

Siku hizi makaa yanaisha mapema na githeri inachelewa, wateja wananung'unika wakigonga sahani kwa vijiko. Nawaambia wangoje. Sufuria ndogo sasa ni ya kuchemshia uji wangu wa asubuhi. Mchana ukifika napakua ya kwangu kutoka ile kubwa, naketi kwenye benchi katikati yao, na simpi mtu mgongo.