Mfalme Wangu Kabaki Chini ya Bahari ya Wesha

Leo jeshi langu lote limezama, na aliyelizamisha anataka nimshukuru.

Mnayajua mambo yangu. Nayeyusha madini ya risasi, namimina kwenye kalibu, natoa askari wadogo wa vita vya kale vya Ulaya. Kila mmoja na kazi yake: wenye mikuki mbele, wapiga mishale nyuma, wapanda farasi ubavuni, mfalme katikati.

Jana niliwaacha barazani wakauke rangi.

Alfajiri mjomba wangu Hamadi, mvuvi, kapita akaona risasi. Akadhani nimemtengenezea chubwi, vile vizito vya kuzamishia mishipi yake. Na rangi juu! Mapenzi hayo.

Akawafunga shingoni, akaenda nao baharini.

Karudi mchana na changu wawili na ripoti ya vita.

"Mwanangu, hawa wa farasi ndo chubwi hasa, mkondo hauwatikisi. Wa mishale wepesi, wanayumba tu."

"Na mfalme, mjomba?"

"Yule mwenye kofia ya miba? Kanasa mwambani. Nikakata mshipi. Ila nishukuru, changu hao wako."

Haya, nipeni pole.

Ila mjue changu nishawala, na sasa hivi namimina farasi watupu.