Mwaka Niliosomea Dunia Coon Rapids

Nilipomwambia anti kwamba nimejiandikisha kusomea masomo ya kimataifa, alizima jiko kwanza.

"Kimataifa," akasema. "Na hayo mataifa yana habari?"

Anti ni mdogo wake mama, muuguzi, na ndiye aliyenipokea Coon Rapids, mji mdogo wa Minnesota, Marekani, nilipotoka Kisii. Miongoni mwa Wakenya wa huko, kijana akisoma, basi anasomea uuguzi. Asiyesomea uuguzi anajitayarisha kusomea uuguzi. Ukitaja kitu kingine watu wanakuuliza kwa upole kama siku hizi unalala vizuri. Mpango wangu ulikuwa kusoma miaka miwili katika chuo kidogo cha karibu, ambacho ada yake haiumizi sana, kisha nihamie chuo kikuu. Anti aliukubali mpango, ila kanisani akawa anawaambia watu kwamba ninasomea mambo ya afya.

"Si uongo," aliniambia garini. "Dunia si ni mgonjwa?"

Darasani nilikuwa Mwafrika peke yangu, kwa hiyo nikawa Afrika nzima. Mwalimu wetu alikuwa mama mwenye roho nzuri na hereni za kitenge. Likitajwa jangwa la Sahara, ananigeukia. Ukitajwa uchaguzi wa Senegali, ananigeukia. Senegali mimi naijua kwa mpira tu. Mwanzoni nilisema ukweli, kwamba sijui, lakini alionekana kuumia sana. Nikaanza kujibu, "Hilo ni suala tata." Aliandika ubaoni.

Kisha akatupa kazi: kila mmoja amtembelee mwenzake wa utamaduni tofauti, ale kwake, aangalie, aje atueleze. Mimi nilipangwa na mzee mmoja wa mji jirani wa Columbia Heights, dereva mstaafu wa basi la shule. Alikuwa amerudi chuoni kwa sababu mkewe alichoka kufundishwa kupika na mtu asiyejua kupika.

Nilianza mimi kwenda kwao. Mkewe alitoa kwenye oveni sinia la viazi, nyama ya kusaga na supu ya uyoga ya kopo, vyote vimeshikana kama familia yenye shida. Pilipili manga ilikuwa mezani, kwa tahadhari. Nilipomaliza aliniuliza kama naongeza. Nikakataa kwa adabu. Akauliza tena, nikakataa tena, nikingoja mara ya tatu ili nikubali kama mtu aliyelelewa vizuri. Mara ya tatu haikuja. Sinia likaenda zake jikoni, nami nikarudi nyumbani na njaa yangu.

Jumamosi iliyofuata mzee akaja kwetu. Anti alikuwa amepika kuku, chapati na sukuma wiki za kutosha harusi. Tatizo ni kwamba akina mama watatu wa kanisani walipita kumjulia hali, wakanusa kuku, wakavua makoti. Mzee alipoingia na kuvua mabuti yake ya theluji, walimkagua hadi soksi.

"Wewe ndiye unamfundisha uuguzi?" mwenyekiti wa akina mama akamuuliza kwa Kiingereza.

"Uuguzi?" mzee akasema. "Hapana, tunasoma pamoja masomo ya kimataifa. Huyu ndiye mtaalamu wetu wa Senegali."

Nilitamani sakafu ipasuke. Anti alikuwa amesimama na sufuria mkononi. Mwenyekiti akamgeukia polepole.

"Si ulituambia ni afya?"

"Nani, mimi?" Anti akamwekea mzee paja la kuku. "Labda nilitafsiri vibaya."

  Mwenyekiti akashusha pumzi, akasema kwa Kiswahili, kwa sauti ya chini, "Mwanangu aliacha uuguzi tangu mwaka jana. Anachora katuni."

"Katuni?" anti akauliza.

"Katuni. Za paka."

Mama wa pili akaweka kikombe chini. "Afadhali yako. Wangu yuko mjini New Hope, ananyoa mbwa."

"Anawanyoa wakiwa wamekufa?" mwenyekiti akauliza.

"Wazima! Na wanakaa kwenye foleni!"

Wa tatu alicheka hadi akashikwa na kwikwi, na anti akalazimika kuketi. Hakuna aliyemkumbuka mzee, kwa hiyo nikamtafsiria yote, mbwa na paka. Akatafuna, akafikiri.

"Binti yangu ni muuguzi," akasema.

Wote wakamgeukia kwa heshima kubwa. Mwenyekiti akamwongezea chapati bila kumuuliza, na kila alipoinua mkono kukataa, sahani ilizidi kujaa. Aliondoka akitembea kama mjamzito.

Siku ya kueleza darasani alisimama na kusema kwamba kwa Wakenya neno hapana halipo. Mwalimu aliandika ubaoni. Sikumpinga.

Toka siku ile anti hakunisemea tena uongo. Chuo kikuu kiliponikubali, alitangaza kanisani kwamba nimehamia huko kusomea masomo ya kimataifa, akayatamka kwa kishindo kana kwamba ameyabuni yeye, na mchungaji akaniombea nipate kazi. Aliomba kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda.

Mwisho wa kiangazi anti alinipeleka Minneapolis na sufuria, blanketi na mchele. Alikagua chumba changu, akafungua bomba la maji, akagonga ukuta, akasema ni kidogo lakini kina dirisha. Kwenye maegesho hakunikumbatia. Aliniambia tu nile vizuri, akaingia garini haraka na miwani ya jua, ingawa mawingu yalikuwa yamefunga. Nilisimama hadi alipokata kona.

Baada ya muda nikasikia honi. Alikuwa amerudi, miwani mkononi, macho mekundu. Alikuwa amesahau kunishushia mchele.