Nyama ya Mama Mkwe Chini ya Hadubini

Kila mara mama mkwe wangu alipotutembelea kutoka Nyamache, nilitoka kwa mlango wa nyuma. Ndivyo tulivyolelewa sisi Wagusii: chinsoni, ile haya ya mtu na mkwewe, haikuniruhusu kumtazama usoni. Kwa hiyo mke wangu aliponiambia kwamba siku hizi mamake hujifunika mdomo kwa leso, nilidhani ni heshima tu. Kumbe alikuwa anaficha uvimbe.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya hamsini, nami nilikuwa mpimaji wa pekee wa maabara katika hospitali moja mjini Kisii. Siku alipoletwa nilijifungia stoo kama mwizi. Daktari akakata kinyama kile, akaniletea ndani ya kichupa. Kilikuwa ndani ya shavu, akasema, mkabala na jino lililovunjika: ukubwa wa harage, laini juu, kigumu kiasi, hakiumi, kimeshikwa na kikonyo.

"Nadhani si kitu," alisema. "Lakini tazama."

Ningeweza kuomba kipelekwe Nairobi, tungoje majuma. Ila mke wangu hakuwa akila wala kulala, na mamake alikuwa ameshaanza kugawa vyungu vyake. Nikakigandisha katika nta, nikakikata vipande vyembamba, nikavitia rangi. Nikaviweka chini ya hadubini.

Juu palikuwa na utando wa mdomo, mzima. Chini yake nyuzi zilizosongamana, na seli chache zimetulia katikati. Hakuna zilizovunja mpaka na kuchimba chini, kama saratani ifanyavyo. Lilikuwa kovu tu, lililonenepa kwa kusuguliwa na jino kila siku. Nililia kwa furaha. Kisha nikakumbuka ni nani niliyekuwa nikimtazama, nikazima taa haraka.

Nyumbani nilimwambia mke wangu aseme ni daktari aliyepima. Mama hakudanganyika.

"Mwambie asante, nitaishi," alimtuma bintiye. "Lakini ameniona mahali ambapo hata marehemu mume wangu hakuniona. Asinikaribie tena."

Nilipeleka mbuzi wa kuosha aibu ile. Akarudishwa.

Aliishi miaka mingi, akila vizuri, bila kukanyaga kwetu. Baada ya mazishi yake mwanangu mdogo aliniuliza, "Baba, nyanya alikuwa na sura gani?"

Nilimwambia amuulize mamake. Hadi leo, nikifumba macho nimkumbuke, naona nyuzi za rangi ya waridi juu ya kioo, zisizo na uso.