Chumvi ya Dumu la Shangazi

Shangazi alilitua dumu la njano katikati ya uwanja wetu hapa Mbagala, akajifuta jasho kwa upande wa kanga, akaniangalia kama mtu aliyeleta mgeni wa heshima.

"Haya. Maji ya mawimbi saba hayo. Nimeyachota mwenyewe Kigamboni, wimbi moja moja mpaka la saba, alfajiri, bila kusemeshana na mtu. Keshokutwa harusi. Leo magharibi uyaoge yote, na usijisuuze mpaka asubuhi. Nuksi itoke."

Mwenye nuksi ni mie. Nimeolewa mara mbili, nikaachika mara mbili. Wa kwanza mkono wake ulikuwa mwepesi wa kupiga, wa pili mguu wake ulikuwa mwepesi wa kutoroka, lakini kwa hesabu za shangazi yangu wenye makosa si wao, ni mie niliyezaliwa na gundu. Wao hakuna aliyewapelekea dumu.

Ningecheka, kama si mdogo wangu. Mama yetu alifariki yule mtoto akiwa darasa la pili. Nimemsuka nywele mie, nimemfundisha kufunga kanga mie, homa zake nimekesha nazo mie. Tangu akiwa mdogo tulikubaliana kwamba siku ya harusi yake nitamshika mkono nimtoe chumbani, nimpeleke kwa mumewe. Sasa shangazi, dada yake baba, ambaye ndiye mwenye kauli kwa mambo ya kike katika ukoo wetu, alikuwa amepiga marufuku. Mwanamke aliyeachika hamtoi bibi harusi, atamwambukiza. Labda aoge.

"Sitaoga," nikamwambia.

"We mtoto! Maji ukiyavulia nguo, huna budi kuyaoga."

"Mbona mie sijavua nguo, shangazi?"

Akasonya sonyo refu, akaondoka kurudi kwake Tegeta. Aliacha neno moja tu mlangoni: nisipooga, nikae jikoni siku hiyo, nisisogelee mlango wa chumba.

Hapo tuelewane kuhusu jiko. Pilau la harusi lilikuwa langu toka mwanzo, na hakuna aliyebisha, kwa sababu mtaa mzima unajua nani anapika pilau huku kwetu. Ajabu ya nuksi yangu ndiyo hiyo: haikuwahi kuingia sufuriani. Mkono huu ni safi kwa kulisha watu, ila ukimshika mdogo wangu unageuka sumu. Basi nilikasirika!

Nikalifungua lile dumu. Nilitaka nijue hasa hiki kitu kinachotakiwa kunisafisha. Nikamimina kidogo kwenye beseni, nikachukua sabuni ya mche na kitambaa cha jikoni, nikafikicha. Povu ng'o. Sabuni ikaganda utando mweupe, ikashika kitambaa, kikawa kichafu kuliko kilivyokuwa. Nikacheka peke yangu uani. Maji yasiyoweza kutakasa kitambaa cha kufutia masufuria, ndiyo yanitakase mie!

Nilitaka kuyamwaga. Kilichonizuia ni bibi yangu. Sie asili yetu Lindi, na bibi mzaa mama alikuwa mpika chumvi. Nilipokuwa mdogo nilipelekwa kwake likizo, nikakaa naye kwenye moshi, macho yakitiririka, nikimuuliza maswali mpaka anachoka. Bibi hakuwa na habari za mawimbi saba. Kwake wimbi lilikuwa wimbi. Alisema bahari ni maji mazito kidogo kuliko ya kisima kwa sababu yamebeba mizigo, na kazi ya mpishi ni kuyatua mizigo, mmoja mmoja, kwa zamu yake.

Basi nikawasha moto. Nikapanga mafiga, nikaweka kuni na makumbi ya nazi, nikamimina dumu zima kwenye sufuria pana la shughuli. Jirani akachungulia juu ya ukuta.

"Shoga, unachemsha maji ya kuoga?"

"Ya kula," nikamjibu, akadhani namtania.

Maji ya bahari hayana haraka. Yalichemka, yakashuka, mie naongeza kuni, moshi unanifuata kila ninakokaa. Kwanza yalichafuka, ukajitokeza unga mweupe kama chokaa, ukashika chini ya sufuria. Bibi alinikataza unga huo, alisema hiyo bado si chumvi. Nikachuja kwa kipande cha kanga kuukuu, nikarudisha motoni. Nikachota kidogo kwenye kikombe, nikaacha yapoe, nikatumbukiza yai bichi, kipimo cha bibi: likielea, chumvi imekaribia. Likazama puu. Bado. Nikaendelea mpaka jua likahamia upande wa pili wa uwanja, nikachota tena, yapoe tena. Safari hii yai likapanda juu lenyewe, likakaa pale, kichwa nje, halitaki kuzama hata nikilisukuma kwa kidole. Nililisukuma mara nyingi kuliko ilivyohitajika, sisemi uongo. Nilifurahi kuliona linakataa.

Baadaye chumvi ikaanza kuganda, chembe chembe, nyeupe. Hapo ndipo wasiojua wanapoharibu, wanakausha mpaka tone la mwisho. Bibi alinipiga kibao cha mkono siku nilipotaka kufanya hivyo. Maji yanayobaki mwishoni ni machungu, na ukiyala pamoja na chumvi tumbo litakuendesha. Chumvi inatangulia kuganda, uchungu unabaki majini, kwa hiyo unaopoa chumvi yako na uchungu unaumwaga. Nikaopoa. Uchungu nikaumwaga kwenye mtaro nje ya geti.

Dumu zima lilizaa bakuli moja la chumvi. Nikalifunika, nikalala nikinuka moshi.

Siku ya harusi shangazi alifika mapema, kavaa dera jipya. Kitu cha kwanza alikwenda uani, akaliona dumu limelala tupu, akarudi anang'aa. Hakuniuliza. Mie nikaendelea kukaanga vitunguu vyangu.

Nikah ikafungwa, watu wakala. Bibi harusi hakuwa ametia kitu kinywani tangu jana yake kwa wasiwasi. Nikampelekea sahani kupitia kwa kungwi wake, ikarudi tupu, ikaombwa nyingine. Shangazi alikaa kwenye mkeka na wanawake wenzake, akala, akaomba ukoko, akala na huo. Halafu akasema kwa sauti ya kusikika na wote:

"Mnamwona huyu? Kaoga maji ya bahari, nuksi imemtoka. Hata mkono wake umekuwa mtamu zaidi. Haya, mwanangu, ruhusa. Nenda kamtoe mwenzio."

Ruhusa hiyo! Kitu nilichokitaka miaka yote kimewekwa mbele yangu, bure, na kazi yangu ilikuwa kunyamaza tu. Nilifika mpaka mlangoni. Mkono ulikuwa kwenye kitasa. Lakini ningeingia mle kama mchafu aliyesafishwa, na mdogo wangu angetolewa na mtu wa aina hiyo, na mie kila mwaka ningeikumbuka harusi yake hivyo. Thubutu!

Nikageuka.

"Shangazi, mie sikuoga. Yale maji nimeyapika. Chumvi yake ndiyo iliyomo kwenye pilau mnalokula. Kama mkono huu una nuksi, mmeila wote, na ukoko mmeomba."

Shangazi alikuwa na tonge mkononi. Alilitazama, akanitazama, na niliona machozi ya hasira yanamjaa. Sikumwonea huruma. Akasimama taratibu, akaja akajiweka kati yangu na mlango.

"Basi wewe humtoi," akasema. "Nitamtoa mie."

Kitasa kikazunguka kwa ndani. Mdogo wangu alisimama mlangoni na shela yake, hina mpaka viwikoni, na punje ya wali imemganda kwenye kidevu.

"Shangazi, mie nimekula sahani mbili," akasema. "Tupishe. Dada, nitoe."