Mjane Niliyemsimamisha Kando ya Bunduki

Nimeshika bunduki tangu bendera yetu ipandishwe, na bado juzi nilifanya ujinga huu kwenye mazishi ya sajini wetu, huko juu ya Karatina.

Bunduki za kutoa heshima zilikuwa kuukuu, za kujikoki zenyewe. Zikipewa risasi zisizo na kichwa hazijikoki mpaka mdomo uzibwe kwa kizibo cha chuma. Luteni alituonya kwamba kizibo hicho hurusha moto kando, kwa hiyo watu wakae mbali. Mimi nilikuwa nikinyoosha mkanda wangu. Nilisikia "wakae mbali" tu, nikadhani ni mbele.

Mama Wanjiru, mjane wa marehemu, alikuwa amebanwa nyuma ya umati. Nikajifanya muungwana, nikamleta hadi ubavuni mwa askari wa mwisho kwenye mstari.

"Koplo, hii kitu haiwezi kuniumiza?"

"Hapana, mama. Ni kelele tu. Hatari iko huko mbele."

Amri ikatolewa. Bunduki zikalia, na mama akajishika shavu. Ukingo wa kitambaa chake cheusi ulikuwa ukitoa moshi. Alipoondoa mkono, ngozi ilikuwa imebabuka karibu kabisa na jicho. Hakulia. Watoto wake ndio waliopiga mayowe.

Luteni akasimamisha kila kitu.

"Nani amemweka mama hapa?"

Nikakaza macho kwenye jeneza kama mtu asiyesikia. Mama Wanjiru akaninyooshea kidole, tena bila hasira.

"Ni huyu koplo amenileta. Ameniambia hapa niko salama."